Wimbo wa Noeli Ni wa Nani?



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya nyimbo za Noeli. Labda mwingine atasema, “Neno hili ni jepesi, siku ikifika tutaimba.” Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka jirani yangu aliponiuliza swali nikakosa jawabu. Basi nisikilizeni, nitawaeleza habari yote kwa taratibu, wala kosa langu mwenyewe sitalificha.

Ninyi mkaao mbali hamna budi kwanza kuijua hali ya mahali petu. Kariakoo ni mtaa wa soko, na jina lake lenyewe ni la wachukuzi. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wachukuzi wa jeshi lao waliwekwa mahali hapa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na watu wa mji wakalitamka neno hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Wachukuzi hawajatoka hata leo; mchana na usiku wapo wasukumao mikokoteni na kubeba magunia mabegani. Mwezi wa Desemba ukiingia, mitaa ya Kongo na Msimbazi hujaa watu hata hapana pa kukanyaga. Wenye maduka huweka vipaza sauti milangoni, na nyimbo za Noeli hupigwa tangu asubuhi hata usiku, katikati ya bei ya viatu na bei ya magauni ya watoto. Mtu apitaye husikia jina la Mwokozi mara mia kabla hajafika mwisho wa mtaa, na pengine halisikii hata mara moja.

Nyumba yetu imepakana na nyumba ya mzee mmoja Mwislamu, mtu wa heshima, aliyenizidi umri sana. Tumekaa naye kwa wema miaka mingi. Siku ya Idi hutuletea sahani, na siku ya Noeli sisi humpelekea. Mwezi wa Maulidi watu wa nyumba yake hukusanyika, wazee kwa watoto, wakasoma Barzanji na kuimba kasida. Kila mmoja huitikia kwa kinywa chake. Hata mjukuu wake wa miaka saba huitikia pasipo kutazama kitabu. Nami nimelala chumbani mwangu mara nyingi nikizisikia sauti zile kupitia ukutani.

Basi mwaka mmoja, siku ya pili ya Noeli, tulikuwa tumeketi barazani. Akaniambia kwa upole, “Mwalimu, niwie radhi, nina swali. Jana mchana kutwa nimesikia nyimbo kutoka nyumbani kwako, lakini zote zilikuwa za redio. Watoto wako sikuwasikia. Je, nyimbo hizo kwenu huimbwa, au husikilizwa tu?”

Nikacheka ili kuficha haya. Nikamjibu, “Mzee wangu, kanisani tunayo kwaya.”

Akasema, “Alaa, basi mnao watu wa kuwaimbia.” Akanyamaza, akaendelea na kahawa yake.

Hakuwa na nia ya kunikebehi. Lakini neno lile liliniingia moyoni kuliko karipio. Usiku ule nikaifungua Injili ya Mtakatifu Luka, nikazisoma tena sura mbili za mwanzo, nikitafuta neno moja tu: ni nani walioimba Noeli ya kwanza?

Nikawaona wanne. Wa kwanza ni Bikira Maria, msichana wa Nazareti, aliyekwenda milimani kumwamkia Elizabeti jamaa yake. Alipokuwa amesimama nyumbani mwa mwanamke mwenziwe, pasipo kusanyiko wala kinanda, alimtukuza Mungu awainuaye wanyonge na kuwashibisha wenye njaa. Wa pili ni Zakaria, kuhani mzee. Huyu kinywa chake kilikuwa kimefungwa kwa kuwa hakuyasadiki maneno ya malaika; na siku alipoandika jina la mwanawe juu ya kibao, ulimi wake ukafunguliwa, na maneno yake ya kwanza yakawa sifa. Wa tatu ni malaika, nao wimbo wao hawakuupeleka ikulu wala hekaluni, bali kwa wachungaji waliokuwa katika zamu ya usiku, watu wa kazi kama walinzi na wachukuzi wa soko letu. Wa nne ni Simeoni, mzee aliyengoja siku nyingi, akampakata Mtoto mikononi mwake, akaomba ruhusa ya kwenda zake kwa amani.

Tazameni sasa, ndugu zangu: msichana, kuhani aliyekuwa bubu, jeshi la mbinguni, na mzee aliyekaribia kaburi. Hapana hata mmoja kati yao aliyeimba ili asifiwe, wala hapana aliyemwambia mwingine, “Niimbie mimi nisikilize.” Kila mmoja aliimba kwa kuwa jambo limempata yeye mwenyewe. Na Kanisa halikuziacha nyimbo hizi nne zikae kitabuni tu. Wimbo wa Zakaria husaliwa kila asubuhi, wa Maria kila jioni, wa Simeoni kabla ya kulala, na wimbo wa malaika ndio mwanzo wa ile Gloria tuiimbayo katika Misa. Basi aliye na desturi ya sala ya Kanisa huimba Noeli mwaka mzima, hata katika mwezi wa Julai.

Hapo ndipo nilipoanza kuifahamu maana yake. Noeli ni sikukuu ya Neno aliyetwaa mwili. Mungu hakuridhika kutuletea habari kwa mbali; alikuja mwenyewe, akawa na mapafu ya kuvuta pumzi na koo la kulilia. Sauti ya kwanza ya Mwana wa Mungu duniani ilikuwa kilio cha mtoto mchanga. Na wimbo je, ni kitu gani? Wimbo ni neno lililopewa pumzi ya mtu, kifua chake, ulimi wake. Kwa hiyo aimbaye Noeli hutoa mwili wake uwe mahali pa neno, kama vile Bikira Maria alivyotoa wake. Chombo cha sauti chaweza kutufundisha tuni, nacho ni msaada mwema kwa mgonjwa na kwa mtu aliye peke yake. Lakini hakina mwili uliokombolewa, wala hakina dhambi iliyosamehewa. Hakiwezi kushukuru badala yetu.

Tena nikakumbuka hekima nyingine ya Kanisa. Katika Dominika zote za Majilio, Gloria haiimbwi. Wimbo wa malaika hunyamazishwa kwa makusudi, kama vile chakula cha sikukuu kinavyofunikwa mpaka saa yake. Kisha katika Misa ya usiku wa Noeli hurudishwa, na kengele zikapigwa. Kunyamaza kule si upungufu, ni njaa takatifu. Lakini sisi tukaao karibu na soko tumekwisha shiba kabla ya karamu. Vipaza sauti vimetuimbia majuma mengi, hata usiku ule ukifika tumechoka na nyimbo, nasi twasimama kanisani mikono imekunjwa, tukiwatazama wanakwaya kama watu watazamao mpira.

Sasa nitaeleza kosa langu.

Miaka michache kabla ya swali la jirani yangu, mimi ndimi niliyekuwa nikiiongoza kwaya. Tulikuwa na tamaa ya kurekodi nyimbo zetu za Noeli, na kila jioni tulifanya mazoezi. Miongoni mwetu alikuwamo mama mmoja mzee, muuza nazi. Alikuwa ameimba kwayani tangu ujana wake. Lakini sauti yake ilikuwa imezeeka. Ilichelewa nyuma ya wenzake nusu neno, na vijana walianza kutazamana na kucheka chini chini. Basi nikamwita kando nikamwambia, “Mama, mwaka huu pumzika kidogo, uwaachie vijana.” Akaniambia, “Vema, mwalimu.” Hakusema zaidi. Usiku wa Noeli akaketi benchi la nyuma. Nyimbo zilitoka safi, watu wakapiga makofi, nami nikajiona mtu mkubwa. Sikugeuka hata mara moja kumtazama.

Baada ya swali la jirani yangu nilimkumbuka. Asubuhi na mapema nikaenda sokoni, nikamkuta akifua nazi. Nikamwamkia, “Shikamoo, mama.” Akaitika, “Marahaba, mwalimu.” Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa neno nililomtendea. Akaiweka nazi chini, akafuta mikono yake kwa upande wa kanga.

Akasema, “Mwalimu, hasira sina. Ulisema ninyamaze, nikanyamaza kwa utii. Lakini nitakuambia kweli. Wenzangu siku ya Noeli huja na sadaka zao. Wengine noti, wengine mchele, wengine kuku. Mimi fedha yangu ni ya kurudi mjini kununua nazi nyingine. Sadaka yangu ilikuwa ule wimbo. Ulipouondoa, nilikwenda horini mikono mitupu.”

Wapenzi wasomaji, nimesoma vitabu vingi vya dini katika shule ya misheni, lakini fundisho hili sikulipata humo. Nilidhani nimeondoa sauti mbaya kwayani, kumbe nimeondoa sadaka ya mjane altareni. Na tangu siku ile najiuliza: kanisani mwetu wapo wangapi waliofumba vinywa kwa sababu ya mtu kama mimi?

Lakini mtu asidhani ya kuwa nasema kwaya zivunjwe. Hasha! Kwaya ni kazi njema, nami naipenda hata leo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio yake juu ya Liturujia takatifu, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka kwaya zistawishwe kwa bidii. Lakini papo hapo uliwaagiza maaskofu na wachungaji wa roho kuangalia waamini wote waweze kutoa sehemu yao katika ibada inayoimbwa. Wala neno hilo halikuanza siku ile. Papa Pius wa Kumi, mwaka 1903, alikwisha kutaka watu warudishiwe desturi ya kuimba, wasiwe wasikilizaji tu. Basi kwaya ni kama chachu katika donge. Chachu ikifanya kazi yake, donge lote huumuka. Lakini hapana mtu alaye chachu peke yake akasema amekula mkate.

Tena wazee wetu walituzidi katika jambo hili. Zamani zao Misa ilikuwa ya Kilatini, na wengi hawakujua Kilatini. Hata hivyo waliishika Gloria kwa moyo wakaiimba. Sisi tumepewa kuiimba kwa lugha yetu wenyewe, kila neno twalifahamu, nasi twawaachia wengine. Mtaguso ule ule ulisema ya kuwa muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Na katika mwaka ule ule wa 1963 Padre Stephen Mbunga, mwana wa nchi yetu, alitoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Maana Neno alipotwaa mwili hakutwaa mwili wa watu wote kwa jumla. Alizaliwa Betlehemu, akajifunza lugha kinywani mwa mama yake. Kwa hiyo si aibu Noeli kuimbwa kwa ngoma na kayamba na tuni za kwetu.

Wala tusidhani ya kuwa nyimbo zilizotoka mbali zilizaliwa kubwa. Ule wimbo wa usiku mtulivu, ambao vipaza sauti vya Kariakoo huupiga kila Desemba, uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 katika kanisa la Oberndorf, karibu na Salzburg, nchini Austria. Maneno yalikuwa ya padre msaidizi, Joseph Mohr; tuni ilikuwa ya Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule ya kijiji. Waliimba wao wenyewe, na gitaa likawafuatisha. Walimu msomao ukurasa huu, angalieni: wimbo uliozunguka dunia ulitoka mkononi mwa mwalimu wa watoto wa kijijini. Hakuwaza dunia, aliwaza watu wake wapate la kuimba usiku ule.

Basi tufanyeje? Nitataja mambo machache niliyoyajaribu.

Kwenu wazazi. Chagueni wimbo mmoja tu wa Noeli mwanzoni mwa Majilio. Kila juma jifunzeni ubeti mmoja baada ya sala ya jioni. Majuma manne yakiisha mtakuwa na beti nne, wala hapana atakayehitaji kitabu. Usiku wa sikukuu, kabla ya kula, zimeni redio na simu, simameni mbele ya hori, mkubwa wa nyumba aanze na mdogo amalize. Mnajua ya kuwa Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipotengeneza hori huko Greccio mwaka 1223, aliiimba Injili mbele yake, kwa kuwa alikuwa shemasi. Tangu hapo hori na wimbo ni ndugu. Msiweke hori nyumbani likawa bubu.

Kwenu walimu. Kabla ya kufundisha tuni, fundisheni maneno. Waulizeni watoto: katika wimbo huu ni nani asemaye? Anasema na nani? Ameona nini? Mtoto afahamuye ya kuwa anasimama mahali pa mchungaji haimbi kama kasuku. Tena msimnyamazishe mtoto asiye na sauti nzuri. Mtu anyamazishwaye akiwa na miaka minane huenda asiimbe tena mpaka kufa kwake.

Kwenu wanakwaya. Katika Misa ya usiku imbeni zile nyimbo ngumu mlizozizoeza, maana nazo ni sadaka yenu. Lakini Gloria na wimbo wa kumwendea Mtoto horini ziwe za watu wote, kwa tuni wanayoijua. Na mwenye sauti iliyozeeka atafutiwe mahali, asitafutiwe sababu.

Na kwenu mtakaokuwa kazini usiku ule, walinzi, wauguzi, madereva, wachukuzi wa mizigo sokoni: msihuzunike mkidhani mmekosa Noeli. Kumbukeni wimbo ule wa mbinguni ulitangulia kufika kwa watu wa zamu yenu. Imbeni polepole pale mlipo.

Nanyi mtauliza mambo yalikwishaje kwetu. Siwezi kusema yote yalinyoka. Nilipowaeleza wanakwaya nia ya kumrudisha yule mama, wengine walinung'unika wakasema sauti zitaharibika. Na kweli, Noeli ile ya kwanza Gloria ya watu wote ilikwenda kwa kujikokota, mbele wakimaliza na nyuma wakingali njiani. Lakini mama aliimba. Mwaka uliofuata maradhi ya miguu yalimzuia kufika kanisani, basi watoto wa mafundisho walikwenda chumbani kwake jioni ya sikukuu. Wakaanza wimbo, naye akaitikia akiwa kitandani, nusu neno nyuma, kama desturi yake. Watoto hawakucheka. Walipofika mwisho wa kila ubeti walimngoja, wakauanza mwingine pamoja naye.

Na jirani yangu je? Noeli iliyopita, tulipomaliza kuimba nyumbani, nilimpelekea sahani yake. Akaipokea, akasema, “Mwalimu, safari hii nimewasikia. Yule mdogo wako wa mwisho hupotea njia katikati.” Nikamwambia, “Ndiyo, mzee, bado anajifunza.” Akasema, “Hapana neno. Mradi anaimba mwenyewe.”

Bwana aliyezaliwa kwa ajili yetu afungue vinywa vyetu kama alivyokifungua kinywa cha Zakaria. Nawatakia Majilio mema, na Noeli yenye wimbo katika kila nyumba.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,
Katekista, Kariakoo.